Pini ya Tano

Jirani zangu wanajua kwamba kazi yangu ni viti. Mke wangu ndiye aliyewaambia hivyo zamani, alipochoka kueleza, na tangu siku hiyo wamekuwa wakiniletea stuli zilizokatika miguu na makochi yaliyotoboka. Nimewatengenezea mengi, kwa sababu kubishana nao kunachosha kuliko kupiga misumari. Lakini viti vyangu hasa ni vya namna nyingine. Ni vya ndege za kivita. Rubani akivuta mpini ulio katikati ya mapaja yake, baruti inalipuka chini yake, kiti kinafyatuka nje ya ndege pamoja naye, mwavuli unafunguka, na mtu anashuka akiwa hai badala ya kuokotwa vipande vipande. Nimevihudumia viti hivyo kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo vimevutwa mara nne, na mara zote nne vimefanya kazi.

Nasema hivyo kwa majivuno na sioni haya. Marubani wana majivuno yao, nasi mafundi tuna yetu. Rubani akitua salama anapigiwa makofi. Fundi akifanya kazi yake sawasawa hakuna anayejua kama yupo. Wenzangu wengi hulalamikia jambo hilo wakati wa chai. Mimi sikuwahi kulalamika, maana nilikuwa na sababu zangu za kutaka nisionekane.

Sababu hizo zinamhusu mtu ambaye vijana wote wa jeshi letu la anga wanamwita Gundi, ingawa hakuna mwenye ubavu wa kumwita hivyo usoni pake. Usoni pake ni Mkuu, jenerali mwenye nyota zake, bosi wa kila chenye mabawa na kila anayekifuta vumbi. Walimpa jina la Gundi kwa sababu akiwa luteni injini ilimfia hewani naye hakubanduka kitini. Aliiongoza ile ndege mpaka uwanjani akaitua. Kila anayeingia chuo cha urubani huisikia habari hiyo kabla hata hajapewa viatu. Picha ya siku ile imetundikwa ukumbini: yeye amesimama kando ya ndege yenye matairi yaliyopasuka, helmeti kwapani, jasho limemlowesha mpaka kiunoni. Chini yake wameandika kwa herufi za shaba: ALIILETA NYUMBANI.

Na mimi nimo katika picha ile. Ukiangalia kona ya kushoto utaona nusu ya ovaroli na ngumi iliyofumbwa. Ngumi hiyo ni yangu, na ndani yake kuna pini.

Nieleze habari ya pini. Ndege ikiwa imeegeshwa, kiti kile ni hatari kwa kila anayekikaribia. Ukiugusa mpini vibaya kwa goti tu, unarushwa hadi kwenye mabati ya banda la ndege na mazishi yako yanakuwa mafupi. Ndiyo maana kinafungwa kwa pini tano za chuma, kila moja na utepe mwekundu unaoning'inia. Kabla ndege haijaondoka, fundi hupanda ngazi, humfunga rubani mikanda, huchomoa pini moja baada ya nyingine, hushuka chini na kuziinua zote juu. Rubani huzihesabu kwa macho, moja hadi tano, kisha huinua kidole gumba. Nne kati ya hizo anaziona zikichomolewa. Ya tano iko nyuma ya kichwa chake, mahali asipoweza kupaona hata ajipinde vipi, na kwa hiyo moja humwamini fundi. Ndege ikirudi, kabla rubani hajafungua mkanda hata mmoja, fundi hupanda tena na kuzirudisha zote tano.

Siku ninayoisimulia nilikuwa fundi kijana na mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza juzi yake. Nilikuwa sijui nishike lipi niache lipi. Utepe wa pini ya tano ya ndege ile ulikuwa umechakaa, umebaki kipande kifupi cha urefu wa kidole, na asubuhi hiyo stoo walikuwa wamenipa pini mpya ya kubadilisha. Nikaitia mfukoni, nikajiambia nitaibadilisha ndege ikirudi.

Nikapanda ngazi, nikamfunga luteni mikanda. Alikuwa mwembamba, mpole, asiye na ile tabia ya marubani wengine ya kuzungumza na fundi kama anazungumza na ngazi. Nikachomoa pini ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikizitia mfukoni. Mkono wangu ulikuwa unaelekea nyuma ya kichwa chake aliponigeukia akaniuliza kama ni kweli nimepata binti. Nikamwambia kweli. Akauliza ana kilo ngapi. Nikamwambia kilo tatu na robo, na kwamba analia kama king'ora, na sote wawili tukacheka. Kisha nikashuka ngazi. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa pini zangu, nikaziinua juu. Zilikuwa tano. Akahesabu tano, akainua kidole gumba.

Hazikupita dakika tatu tangu magurudumu yaache lami. Tulisikia mlio wa injini ukikatika, kisha mlipuko mdogo mkavu, na moshi mweusi ukatoka nyuma ya ndege. Alikuwa amekutana na kundi la ndege wakubwa na mmoja wao ameingia kwenye injini. Tuliokuwa chini tulisimama vichwa juu, tukisubiri kiti kitoke. Mtu akawa anasema taratibu, ruka, ruka mwanangu, ruka sasa. Kiti hakikutoka.

Ile ndege ikainamisha bawa na kuanza kugeuka. Sijui niseme vipi ili anayesoma aelewe tuliyoyaona. Ndege ya kivita isiyo na nguvu haielei hewani. Inashuka kwa uzito wake wote, na anayeigeuza chini chini hivyo kwa kawaida anachimba shimo. Yeye aliigeuza. Ilipita juu ya nyumba za watumishi, ambako mke wangu alikuwa amelala na mtoto wa siku mbili, ikapita kimya kiasi kwamba tulisikia upepo ukikwaruza mabawa. Injini ikakohoa, ikashika kidogo, ikakohoa tena, na kule kukohoa ndiko kulikomsogeza hadi mwanzo wa lami. Akagusa chini. Matairi yakapasuka yote mawili, cheche zikaruka, ndege ikaserereka mpaka kwenye majani ya mwisho wa uwanja, ikasimama. Mimi nilikuwa tayari nakimbia.

Nilikuwa wa kwanza kufika na ngazi, mbele ya zimamoto. Nilipanda kwa sababu kazi yangu ilikuwa kurudisha pini. Mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya kichwa chake, ukakuta chuma baridi na kipande kifupi cha utepe. Pini ilikuwa bado imo.

"Nilivuta," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, uso umejaa machozi ambayo hakuyafuta. "Nilivuta mara mbili."

 Akanitazama, akautazama mkono wangu ulio nyuma ya kichwa chake, akaelewa. Magari ya zimamoto yalikuwa yamekaribia na nilisikia breki zao.

"Rudisha hizo nyingine," akasema.

Nikazirudisha zile nne. Pini tano zikawa mahali pake, kama kitabu kinavyotaka, na kuanzia dakika ile hakuna mchunguzi duniani ambaye angeweza kujua. Mkononi nilibaki na pini mpya ya stoo. Mkuu wa kambi wa wakati ule, mzee mnene aliyekuwa hajawahi kukimbia hata kwa mvua, alifika anahema, akipaza sauti kwamba ameona kwa macho yake mwenyewe, kijana amekataa kuruka ili ndege isiangukie nyumba za watu. Luteni akafungua mdomo. Akanitazama. Nadhani alikuwa anaona mahakama ya jeshi, na jela, na binti wa kilo tatu na robo. Akaufunga mdomo, na mpiga picha akafika.

Wiki iliyofuata niliomba nihamishiwe karakana ya viti. Waliniuliza kwa nini, kwa sababu ni kazi ya vumbi la baruti na macho kuuma, isiyo na hata dirisha la kuonea ndege. Nikasema napenda utulivu.

Kutoka hapo nilimtazama akipanda vyeo. Alipanda haraka, na wako wasema ovyo waliosema anabebwa na ile picha. Hao hawakufanya kazi chini yake. Akiwa mkuu wa kikosi alikuwa anafika uwanjani kabla ya mpishi, na alituamuru sote, maofisa kwa mafundi, tutembee mstari mmoja kwenye lami nzima tukiokota kila kokoto na kila msumari, naye yumo katikati ya mstari ameinama kama sisi. Akiwa mkuu wa kambi alifukia kila dimbwi lililovutia ndege wa mwituni. Alijua jina la kila anayejaza mafuta. Nilimwona mara moja akirusha ndege kwenye maonyesho, akiwa kanali mwenye mvi tayari. Aliipeleka juu wima mpaka ikawa nukta, akaiacha iporomoke, akaidaka chini kabisa kwa namna ambayo wanaume wazima tulishikana mikono bila kujijua. Nilikuwa namheshimu kiasi cha kumwogopa.

Kila alipopandishwa cheo alipita karakana kutupa mkono. Kwangu alisema "Fundi," nami nikasema "Afande," basi. Hatukuwahi kulizungumza lile jambo. Miaka ishirini na sita, hata nusu neno.

Ningekufa nalo, kama si Luteni. Ninayemwita Luteni sasa ni binti, rubani wa miaka ishirini na minane, mdomo mwepesi, aliyezoea kupita karakana kututania kwamba viti vyetu vinamuumiza makalio. Miezi mitatu iliyopita injini yake ilizimika muda mfupi baada ya kuruka. Alivuta mpini. Kiti changu kikamtoa. Ndege, mpya kabisa, iliangukia kiwanda cha matofali wakati wafanyakazi wamekwenda kula. Hakuna aliyeumia isipokuwa matofali, lakini picha za lile shimo zilisambaa kwenye simu za watu wote, na wakubwa wakaanza kutafuta wa kumtwika lawama.

Wenye kazi yetu wana desturi moja. Rubani aliyeokolewa na kiti huja karakana kuwashukuru waliokifunga. Luteni alikuja na soda, akitembea wima kama aliyemeza ufagio, kwa sababu kiti kikikutoa kinakubana uti wa mgongo. Alipimwa akakutwa amepungua sentimita moja na nusu. Alitania kwamba sketi zake zote sasa ni ndefu. Vijana wangu walicheka. Walipoondoka alikaa kwenye benchi, akaacha kutania.

Alinieleza kwamba bodi ya uchunguzi inakaa wiki ijayo na kwamba mambo yameshaamuliwa nje ya chumba. Wanasema aliharakisha. Wanasema alikuwa na nafasi ya kugeuka. Watamvua mabawa, beji yake ya urubani, na kumpeleka stoo ahesabu mablanketi mpaka astaafu.

"Kila anayenihoji ananiuliza swali lile lile, Mzee," alisema. "Mkuu hakuruka. Kwa nini wewe uliruka?"

Nikamuuliza amejibu nini.

"Nimesema niliogopa. Ndiyo kweli. Na nikirudishiwa ndege leo, kesho ikizimika, sitavuta. Sitaki kuulizwa tena."

Alisema hivyo bila kulia, akiwa amekunja mikono mapajani. Nimewahi kukifungua kiti cha mtu ambaye hakuvuta. Ilikuwa miaka minne iliyopita, rubani kijana, alianguka nje kidogo ya uwanja. Niliitwa kuchunguza mabaki. Pini zote zilikuwa zimechomolewa sawasawa, baruti iko hai, mpini hajaugusa. Nikaandika hivyo kwenye ripoti, nikatia sahihi, nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu nina homa.

Kesho yake asubuhi nilivaa sare safi nikaenda makao makuu. Katibu wa Mkuu alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akaniuliza nina miadi gani. Nikamwambia amwambie ni Fundi tu. Niliingizwa ndani baada ya dakika mbili, na katibu akabaki ameniangalia kama mtu aliyepitwa kwenye foleni.

Ofisi ilikuwa kubwa kuliko karakana yangu, na safi, na dirisha lake lilitazama lami. Mkuu alinikalisha, akanimiminia chai kwa mkono wake, akauliza habari za shemeji yake, yaani mke wangu, na za watoto. Nikasema hawajambo. Nikasema nimekuja kwa habari ya ile pini. Aliinuka, akaenda kufunga mlango mwenyewe.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikamwambia nimeitwa mbele ya bodi kama shahidi wa kiti, na kwamba nikisimama pale nitasema yote, kosa lilikuwa langu, nami niko tayari kwa lolote. Hasira ilinipanda nilipokuwa nasema. Nikamwambia binti yule anavuliwa mabawa kwa kulinganishwa na kitu ambacho hakikutokea.

Alisikiliza akitazama nje. 

"Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa ajili yako," alisema. "Ulikuwa na mtoto mchanga. Kuanzia mwaka wa pili nilinyamaza kwa ajili yangu. Nilianza kulipenda lile jina la Gundi. Nilikuwa najifanya sijui kwamba wananiita hivyo."

Nikaweka kikombe mezani, naye akaendelea.

"Unamkumbuka yule wa miaka minne iliyopita. Uliandika, mpini haukuvutwa. Unajua neno lake la mwisho kwenye redio? Mnara ulimwambia aruke. Akasema, naileta nyumbani." Aligeuka kunitazama. "Mimi ndiye niliyehutubia mazishini. Nilimsifu mbele ya mama yake."

Kisha akarudi mezani, akafungua faili lililokuwa mbele yake, akasema nirudi kazini. Hakuahidi kitu. Nikatoka pale nimevurugika, namheshimu na nimemkasirikia kwa wakati mmoja, na njiani nikaamua kwamba nitasema tu, apende asipende.

Bodi ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha kambi, chenye meza ndefu iliyopakwa vanishi mpaka unaona pua yako, na feni iliyokuwa ikigonga kila inapomaliza mzunguko. Walikuwa wanne: brigedia mwenye miwani aliyekuwa mwenyekiti, makanali wawili, na mtu mmoja wa wizarani aliyevaa suti. Luteni alikaa peke yake upande wa pili, mgongo wima. Mabawa yake ya dhahabu yalikuwa kifuani, na kila aliyekuwemo alijua kwamba swali la siku ile lilikuwa kama atatoka nayo.

Walianza na mimi. Nikaeleza kiti kilivyokuwa, pini, baruti, mwavuli, vyote sawa. Brigedia akashukuru akasema nikae. Nilikuwa bado nimesimama, nimeshika ukingo wa kiti cha mbele yangu, mlango ulipofunguliwa.

Mkuu aliingia bila msaidizi. Watu wote wakaruka kusimama, viti vikasaga sakafu. Alivua kofia, akaiweka chini ya kwapa, akapita nyuma ya meza ambako brigedia alikuwa tayari anampisha nafasi yake. Hakukaa pale. Alizunguka akaenda kukaa kwenye kiti cha shahidi, kile cha mbao kisicho na mikono, akasema ana ushahidi na anaomba uandikwe.

Brigedia alisema kwa heshima kwamba Mkuu hakuwepo siku ya ajali. Akajibu kwamba anazungumzia ajali nyingine ambayo bodi imekuwa ikiitumia bila kuiandika.

"Siku ile nilivuta mpini," alisema. "Nikavuta tena. Kiti hakikutoka kwa sababu pini moja ilikuwa haijachomolewa. Kilichofuata nilikifanya kwa sababu sikuwa na pa kwenda."

Feni iligonga mara kadhaa. Mtu wa wizarani aliuliza kama amesikia vizuri. Mkuu akamwambia amesikia vizuri. Kanali mmoja, ambaye najua alijiunga na jeshi kwa sababu ya ile picha, alikuwa amevua miwani na kuishika tu.

Brigedia akauliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga matope, nyumba za watumishi je, si alizikwepa. Mkuu akasema hakuziona. Akasema watu wa nyumba zile wamekuwa wakimshukuru miaka yote na kila mara ametamani ardhi ifunguke. Aliona lami peke yake. Akasema alikuwa analia kwa sauti, na huku analia alikuwa anasoma hatua za kuwasha injini kutoka kichwani, moja hadi tisa, akimaliza anaanza upya, kama mtoto anayekariri mbele ya mwalimu. Alirudia mara sita. Mara ya sita injini ikakohoa.

Hapo nilimstaajabia kuliko nilivyowahi kumstaajabia. Miaka yote nilikuwa najua nusu ya habari, kwamba hakuwa na hiari. Sikujua hii nusu nyingine. Mtu aliyekwisha kukata tamaa, aliyekwisha kuvuta na kukataliwa, anasoma hatua tisa mara sita huku machozi yanamziba macho, na mikono yake inaigeuza ndege ambayo hakuna kitabu kinachosema inaweza kugeuzwa. Wanaokariri habari yake chuoni hawajawahi kusikia hata robo ya ukubwa wake.

Brigedia akauliza nani aliacha pini.

"Kuhesabu pini ni kazi ya rubani," Mkuu akajibu. "Nilihesabu vibaya."

Alisema hivyo bila kupepesa, mbele ya mwandishi wa bodi anayeandika. Alikuwa amekuja kuuvua uongo wake na bado anataka kuuvaa wangu. Nikajikuta nimeshafika katikati ya chumba.

"Alihesabu sawa," nilisema. "Zilikuwa tano. Moja ilikuwa ya stoo, mpya, mfukoni mwangu. Ya nyuma ya kichwa niliisahau. Aliniokoa mimi na mtoto wangu, na mimi nikakaa kimya miaka ishirini na sita."

Sauti yangu haikutoka vizuri, lakini ilitoka. Mwandishi aliandika. Mkuu hakunitazama, alifumba macho tu kwa muda kidogo, na nikaona mabega yake yakishuka.

Mtu wa wizarani akakohoa. Akasema yote haya yanasikitisha na yatashughulikiwa mahali pake, lakini bodi iko hapa kwa jambo moja. Ofisa huyu anashutumiwa kwa kuiacha ndege mapema mno. Alivuta mpini akiwa futi mia tisa kutoka ardhini, na swali liko palepale, je, hakuwa na nafasi ya kuvumilia zaidi.

Mkuu aligeuza kiti chake, kikakwaruza sakafu, akamkabili Luteni. Binti akasimama kwa mazoea, ingawa kusimama kulimuuma na tuliona.

"Ulivuta ukiwa futi mia tisa," Mkuu alimwambia.

"Ndiyo, Afande."

"Mimi nilivuta nikiwa futi elfu moja na mia nne," alisema. "Ulikaa kitini kuliko mimi."

 Mkono wa Luteni ulipanda kifuani, ukafunika mabawa yake, kisha akaketi na kuanza kulia mbele yetu sote, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Brigedia alilitazama faili lake kwa muda mrefu. Halafu akalifunga, akalisukuma katikati ya meza, akasema hana swali jingine.